Bati la Uani kwa Maua

Mjomba wangu Twalibu, mpaka bati wa mtaa wa Gongoni, Tabora, alikuwa fundi hodari na mkaidi kupita kiasi. Masufuria ya shaba ya mji mzima yalipita mikononi mwake: anakwangua bati la zamani, anapasha chombo kwenye makaa, kisha anapaka jipya kwa pamba. Sufuria ya shaba isiyo na bati hutoa kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu.

Bati lake lilitoka Malaya. Mwaka 1942 Mjapani aliiteka nchi hiyo pamoja na machimbo yake, na mwaka uliofuata hukupata kipande dukani Tabora nzima. Lile lililochimbwa Karagwe nalo lilichukuliwa kwa kazi ya vita. Zilibaki siku tisa kufika Maulidi, na masufuria manne ya msikiti yalikuwa barazani kwake, yamechakaa. Asipoyapaka, watu wangekosa pilau, au wangeila wakaugua, na jina lake la ufundi lingeishia hapo.

Ndipo akakumbuka shimo. Yeye na baba yake walimwaga humo magamba ya bati waliyokwangua kwa miaka thelathini, kama takataka, kumbe yangeweza kuyeyushwa na kupakwa tena. Lakini shimo sasa lilikuwa chini ya matembele ya Maua, mtalaka wake. Alimwacha kwa hasira, eti alichelewa siku nne kurudi kutoka matanga ya mama yake Ujiji, akamwachia kile kipande cha uani akidhani hakina maana. Ujuba tu. Miaka sita hawakusalimiana, na kati yao ni ua wa mabua.

Siku hiyo Maua alikuwa ananisuka.

"Hodi," mjomba aliita.

"Karibu," Maua akajibu bila kuinua macho.

Mjomba akaeleza: Malaya, Mjapani, machimbo, Maulidi. Maua alimaliza msuko mmoja, akaanza mwingine.

"Msikiti nauheshimu, na matembele nitapanda mengine," alisema. "Lakini wewe una neno lako. Anza na hilo."

Mjomba aliweka chini jembe alilokuja nalo. Nilimwonea huruma, ingawa hakustahili.

"Ulikuwa unamlilia mama yako," alisema, "nami nikakaa nahesabu siku. Nisamehe, Maua."

Mkono wa Maua ulitulia kichwani mwangu.

"Miaka sita," alisema. "Kumbe ilibidi kwanza Mjapani ateke machimbo ya watu."

Kisha akainuka, akaanza kung'oa matembele mwenyewe.