Umuhondo wa Ndama

Shule niliiacha katikati. Yenyewe haikunitafuta, na mi sikuitafuta. Kwa hiyo kazi niliyopata mu labo ndogo ya kupima magonjwa ya mifugo, wakati wa vita, ilikuwa kuosha chupa. Lakini nilikuwa navaa koti nyeupe, na kwetu Gasenyi watu wakaanza kuniita dokta. Sikuwakatalia. Nani anakataa cheo ya bure?

Dokta wa kweli alikuwa mama moja wa kupenda kucheka, kazi yake kuchunguza damu ya ng'ombe. Siku moja nikamuuliza anatafuta nini mule. Akaniambia mwili unajenga askari wa kupigana na ugonjwa, na maagizo ya kuwajenga imeandikwa vipande vipande ndani ya mwili, tangu tumboni. Mutu anazaliwa na vipande vingi vya kuchagua. Ng'ombe ako na vichache tu vyenye kufaa.

"Sasa anafanya je?"

"Anaunga hiki na kile, halafu anabadilibadili maandishi, mpaka kunatoka askari wa kila namna."

Nilimuelewa mara moja. Ni kama mi na shati zangu mbili: nikikunja mikono, nikigeuza kola, ni mutu mwingine.

"Ila ndama," akasema, "vipande anavyo, askari bado. Wa kwanza anawanywa mu maziwa ya mama yake, siku ile ile anazaliwa. Akichelewa, tumbo linafunga mlango."

Baadaye masenge, dada ya baba yangu, akakimbia vita huko milimani, akafika kwangu na wajukuu wawili, wasichana, na ng'ombe moja yenye mimba. Zingine zote zilichukuliwa. Njiani, ili watoto watembee, aliwaahidi umuhondo. Ni ile maziwa ya kwanza, nzito, ya manjano. Kwetu inapikwa, inaganda kama mayai, na watoto wa nyumba ndio wanakula. Mudogo alikuwa na miguu yenye kuvimba. Kila asubuhi alikuwa anauliza: "Inazaa leo?"

Ikazaa. Ndama akatoka mulegevu, hata kusimama apana. Kufika kutoka kazini, nikakuta masenge amekwisha kukamua, na moto unawaka.

"Masenge, usipike. Tumupatie ndama yote."

"Yote? Na hawa?"

"Akikufa, ng'ombe itafunga maziwa. Na dawa haziingii, tuko mu ambargo, mipaka imefungwa."

"Mi najua ng'ombe tangu baba yako anakojoa mu ngozi ya kubebewa mugongoni. Nusu kwa nusu."

"Dokta alisema..."

"Dokta gani? Ule anakuoshesha chupa?"

"Huyo huyo."

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Halafu akaangalia wale wasichana, akaacha kucheka, akanisukumia sufuria.

Nikatia maziwa mu chupa ya bia, nikamunywesha ndama polepole, kichwa chake ku goti langu. Watoto walichuchumaa ku ukuta, vijiko mu mukono. Hakuna mutu aliyewaambia waviweke chini.

"Muone huyu," nikasema, "anakunywa kama mulevi siku ya mushahara!"

Hakuna aliyecheka. Mu sufuria kulibaki povu. Mudogo akasogea. Nikaipangusa na kidole, mi mutu muzima, nikamulambisha ndama.

Jioni alisimama. Hakukufa, na ng'ombe haikufunga maziwa. Watu mutaani walinisifu, dokta huku, dokta kule, na mi nikaanza kupita njia ya nyuma.

Maziwa ilipoanza kututosha, nikamuletea mudogo kikombe chenye kujaa, nikakaa naye ku kizingiti. Nilitaka acheke. Nikamuelezea habari yote ya vipande, na shati zangu mbili ndani.

"Na mi niko navyo?"

"Eh! Vingi kupita ng'ombe. We ni tajiri."

Akafikiri kidogo.

"Ndio maana mulitunyima?"

Mi, mwenye kuchekesha watu hata ku matanga, nikamusogezea kikombe tu.

"Kunywa, mama," nikamuambia.

Akakunywa nusu. Nusu ingine akaibeba na mikono miwili, polepole isimwagike, akaipelekea ndama.