Soko Lililotaka Uso wa Mzazi

Ninyi wajukuu mtakaoshika karatasi hizi, kaeni kitako kwanza. Najua mnavyosoma siku hizi, mmesimama, kidole kinaparura kioo kama kuku anayetafuta punje. Mimi niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kuanika dagaa, kwa hiyo naandika polepole, nanyi someni polepole. Sikuandika ili mfurahi. Nataka mjue habari ya soko moja lililoingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi, likatoka bila kuaga.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipovuka tena. Nasema tena, kwa kuwa mimi nimewaona wakivuka tangu nikiwa binti. Wanashuka kwenye maboti na magodoro kichwani, wanapakiwa mabasi, wanapelekwa kambini, wanakaa, wanarudishwa, kisha watoto wao nao wanavuka. Sisi watu wa Ujiji tumezoea mpaka tumeacha kushangaa, na hilo si jambo la kujisifia.

Mmoja wao alifika kwangu Kasingirima. Alikuwa mwanamke kijana, kwao alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alitoka kambini na kibali cha kuja kutibiwa jicho. Jicho likapona, kibali kikaisha, yeye akabaki. Sikumwuliza karatasi. Nilimwuliza kama anajua kutwanga kisamvu.

"Ego, nyogokuru," akasema, yaani ndiyo, bibi. Akashika mchi, na nikaona anaujua. Basi akakaa. Tulimwita mgeni, na jina hilo likamganda hata alipokwisha kuacha kuwa mgeni.

Nyumbani nilikuwa naishi na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu binti yangu. Yeye ndiye aliyesoma. Alimaliza chuo, akarudi na cheti, akazunguka ofisi zote za Kigoma mpaka viatu vikaisha visigino. Mwishowe akakaa sebuleni na kompyuta kuukuu ya kukunja, akasema amepata soko la kazi.

"Liko wapi?" nikamwuliza.

"Mtandaoni, Bibi. Watu wa nchi zote wanaweka kazi, sisi tunaomba."

Kazi aliyopata yeye ilikuwa ya sauti. Watu wa mbali walituma sauti za Warundi wakizungumza, naye aandike neno kwa neno, kisha aweke kwa Kiswahili. Waliona Muha kama sisi atakielewa Kirundi. Kiha na Kirundi wamezaliwa tumbo moja, ni kweli, lakini hawalali kitanda kimoja. Mjukuu wangu alikuwa anakwama. Mgeni, akipita na ndoo, alikuwa anasikia na kusahihisha bila hata kuitua. Siku moja mjukuu akamwambia, "Dada, tua hiyo ndoo." Kuanzia hapo wakawa wanafanya pamoja, mmoja anasikiliza, mwingine anaandika. Walichopata waligawana nusu kwa nusu, kama wenye mtumbwi mmoja.

Akaunti, yaani ile meza yao ndani ya soko, ilikuwa na jina la mjukuu wangu, kitambulisho chake na picha yake. Mgeni asingeweza kuwa na meza yake. Soko halikujua kadi ya kambi ni kitu gani.

Nililitazama soko lile kwa jicho la mtu aliyeuza dagaa Bangwe maisha yake yote, na sikulipenda tangu mwanzo. Kazi moja inatupwa, wanairukia watu wasio na idadi, kila mmoja anashusha bei chini ya mwenzake. Sisi pale mwaloni, maboti yanaposhusha samaki, tulikuwa na sheria. Mteja akishashika beseni la mwenzako, humwiti. Ukimwita, kesho hakuna atakayekusaidia kujitwika. Kule kila mtu anamwita mteja wa mwenzake, na hakuna anayemwona mwenzake usoni. Halafu mteja anasema, nifanyieni kwanza kipande kidogo nione. Wanakaa siku nzima wanakifanya. Mteja anachukua kile kipande, anapotea kama mgebuka aliyekula chambo akaacha ndoana.

Na kulikuwa na nyota. Ukimaliza kazi unapewa nyota, na asiye na nyota haitwi tena. Mjukuu wangu alizikusanya moja moja kwa miaka. Mara moja umeme ulikatika, Kigoma yote giza, kazi ikachelewa, mteja akampa nyota mbili. Mtoto alilia. Nikamwambia, "Mwambie umeme ulikatika."

"Nimemwambia, Bibi. Amesema hiyo si shida yake."

Mgeni naye alikuwa na taabu yake. Sauti nyingine zilikuwa za watu waliokimbia, wanasimulia. Alikuwa anavua vile vya masikioni, anatoka nje kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hatukumwuliza. Akimaliza anarudi, anakaa, anasema, "Haya, dada, turudie hapo kwenye mto."

Hata hivyo walikula kwa soko lile. Nami nilikula, sitaficha. Na mgeni alikuwa na sababu ya kukaa mjini. Bila kazi ile angerudi kambini, kwenye hema, kupanga foleni ya unga. Alikuwa amekwisha kuniambia, "Bibi, siku nikiwa mzigo kwako, nitaondoka kabla hujanifukuza." Nami nikamjibu kwamba mimi nikitaka kufukuza mtu nina mdomo.

Kisha mjukuu wangu akajifungua. Mumewe alikuwa Mpanda, machimboni, kwa hiyo alijifungulia mikononi mwetu, maana yake alijifungua zahanati na sisi tukakaa nje kwenye benchi. Mtoto wa kike. Tukarudi naye nyumbani, nikashusha pazia.

Sasa hapa msikilize, maana ndipo penyewe. Katika nyumba yetu mwanamke akijifungua anakaa ndani. Watu wa nje hawamwoni mpaka siku ya kumtoa mtoto. Hapigwi picha, hatoi uso wake kwa mtu asiyemjua. Na siku zote hizo anachaguliwa mwanamke mmoja wa kusimama mahali pake. Huyo ndiye anayeteka maji ya mzazi, anaitikia hodi ya mzazi, na kwenye kikundi cha akina mama jina la mzazi likiitwa yeye ndiye anayesema "nipo." Mwenyekiti anaweka alama, mambo yanaendelea. Hakuna anayesema amedanganya. Angeacha kuitika ndiyo ingekuwa kosa. Na siku ya mwisho ni huyo huyo anayembeba mtoto kuvuka kizingiti.

Nilimchagua mgeni. Alipiga magoti, akasema kwao nako ni hivyo hivyo.

Siku ya nne alikuja mlangoni kwa pazia, ameshika kompyuta kifuani kama sinia.

"Bibi, soko linataka uso."

"Uso wa nani?"

"Wa mwenye akaunti. Linataka atazame kwenye kioo, ageuke kushoto, ageuke kulia, ashike na kitambulisho. Linasema ndani ya siku moja."

"Mwenye akaunti ni mzazi. Liambie lisubiri."

Mjukuu akasema kutoka kitandani, sauti bado nyembamba, "Bibi, ni dakika moja tu."

"Hata kupepesa kope mara moja. Umelala kwenye kitanda cha uzazi, utampa nani uso wako? Unamjua?"

Mnaweza kusema bibi angelegeza. Sikulegeza, na ingekuwa leo nisingelegeza. Kama soko lina akili litangoja mzazi atoke. Samaki wenyewe tunawangoja mbalamwezi iishe, sembuse mtu.

Mgeni akaandika kuliomba soko lingoje, mwenye akaunti amejifungua. Jibu likaja hapo hapo: asante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali onyesha uso wako. Akaandika tena. Likaja lile lile, herufi kwa herufi.

Mimi nikaenda Bangwe kuangalia dagaa wangu mchangani. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nimeitika, Bibi," akasema.

"Umeitika nini?"

"Soko. Lilikuwa limebakiza muda mfupi. Nimesimama mahali pa mzazi. Nimegeuka kushoto, nimegeuka kulia. Nimeshika kitambulisho chake."

Hakusema kwa kuficha. Alisema kama anavyosema amechota maji. Jina la mzazi limeitwa, yeye akasema nipo. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa nikaenda kumwaga unga chunguni. Sikuona kosa.

Kabla ugali haujaiva meza yao ilikuwa imefungwa. Soko liliandika kwamba uso si ule, kwamba ni udanganyifu, kwamba akaunti imefungwa daima. Zile nyota zikaenda, na kazi zilizokuwa zimemalizwa hazijapokewa zikaenda nazo. Na mjukuu asingeweza kufungua nyingine, maana sasa soko linalijua jina lake na kitambulisho chake, na limevikataa.

Mgeni alisoma maneno yale mara nyingi. "Mana yanje," akasema, yaani Mungu wangu. "Dada yangu nimemwua."

"Hujaua mtu," nikamwambia. "Ofisi yao iko wapi? Nauli nitatafuta."

"Haina mahali, Bibi."

"Kila kitu kina mahali. Hata mchawi ana kwake."

"Hii haina."

"Basi andika. Anza na shikamoo."

Akanitazama. "Bibi, hawaandikiwi hivyo."

"Huyo tunayemwandikia ni mkubwa au mdogo kwangu?"

"Ni mashine."

"Mashine ina mwenyewe. Andika shikamoo, mwenyewe ataikuta."

Akaandika. Nami nikamtajia ya kuandika: kwamba katika nyumba hii kuna mzazi, kwamba aliyeitika aliitika kwa haki, kwamba mimi bibi yao ndiye shahidi, na kama wanabisha waje waulize mtaa mzima. Akaituma. Sikuwahi hata kujifunga kanga vizuri, jibu likawa limefika. Tumepokea maelezo yako. Uamuzi huu ni wa mwisho.

Nimegombana na watu wengi maishani. Nimeshika kanzu ya tajiri mmoja pale mwaloni mbele ya watu mpaka akarudisha beseni langu. Nimegombana na wavuvi, na wapagazi, na mashemeji. Siku ile nilikaa nimejiandaa kugombana na hapakuwa na mtu. Hilo ndilo lililonichosha kuliko hasara yenyewe.

Habari ikafika bombani kabla yangu. Jirani mmoja, mdomo wake hauna mlango, akaniuliza huku ndoo yake inajaa: "Eti mkimbizi amewamaliza? Si tulikwambia, mama, ukifuga cha mwenzio kitakuuma?"

"Mimi nafuga kuku," nikamjibu. "Na wewe funga bomba, maji yanamwagika kama maneno yako."

Wakacheka. Lakini niliondoka na ndoo nusu.

Ndani, mjukuu hakumlaumu mgeni. Alifanya kibaya zaidi, alinyamaza. Ananyonyesha, anatazama ukuta. Mgeni akileta uji, mjukuu anasema asante, dada, na ile asante inakwenda chini kama jiwe ziwani. Siku moja, tukiwa tunakula, alisema, "Miaka minne ya nyota." Hakumwambia mtu. Mgeni aliweka tonge chini, hakulishika tena. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kila chakula kikiwekwa, soko linakaa nasi mkekani, na mmoja wao ananyanyuka bila kushiba.

Sitawadanganya kwamba mambo yalirudi. Soko halikufungua. Mjukuu wangu leo anauza mawese kwenye kibanda, na cheti chake kiko chini ya godoro. Mgeni naye, baadaye sana, alirudi kwao na msafara wa waliorudishwa, na tangu avuke sijapata habari zake. Nikisikia Kirundi njiani bado nageuka.

Lakini haya ya nyumbani kwangu yaliishia asubuhi ya kumtoa mtoto. Niliamka kupika maharage ya mawese kwa ajili ya watoto wa mtaa, maana lazima wale. Nikamkuta mgeni amekaa nyuma ya mlango wa uani. Amefunga nguo zake ndani ya kitenge kimoja, fundo limekazwa, na kadi yake ya kambi ameiweka juu.

"Unakwenda wapi?"

"Kambini, Bibi. Nimekuwa mzigo."

"Na mtoto atavushwa kizingiti na nani?"

"Tafuta mwingine. Mimi niliposimama mahali pa mzazi nimemharibia."

Mjukuu alikuwa amesikia. Pazia likasogea kidogo, akasimama hapo na mtoto mikononi, uso umevimba usingizi. Alitazama lile furushi. Hakusema neno, na mimi nilijua nikiwaachia hawa wawili kunyamaza, mmoja ataondoka na mwingine atabaki na ukuta wake mpaka azeeke.

Nikalishika furushi, nikalifungua fundo, nikamwaga nguo mkekani. Nikasema, na sauti yangu mnaijua:

"Wewe, nawa mikono, mchukue mtoto, umtoe nje. Wewe, mpe. Na kuanzia chakula cha leo, mtu yeyote wa nyumba hii asilitaje lile soko sahani zikiwa chini. Atakayelitaja, atakwenda kula bombani na jirani."