Nakala ya Kila Ijumaa

Kila Ijumaa fundi wa kompyuta huandika amri ile ile ya kunakili data za seva, kompyuta kuu ya ofisi, kwenye skrini nyeusi, akiinong'ona herufi kwa herufi kama anayesoma dua. Kabla ya kubonyeza, hupangusa kidole kwenye suruali. Felista wa masjala humtazama roho mkononi, maana majina na nywila za ofisi nzima zimo kwenye seva ile, na umeme wa mtaa wa Utemini hauaminiki.

Leo umeme ulicheza, ukatulia. Nakala ilipokamilika, fundi aliitia flashi iliyoibeba mfukoni, akaipapasa kama kawaida yake.

"Kaka, hivi ukiirudisha hiyo nakala kwenye seva, huwa inakubali?" Felista akauliza.

Mkono ukaganda juu ya mfuko.

"Sijawahi kujaribu, dada."

Ndipo umeme ukakatika, na seva ikanyamaza.