Tulivyojifukiza Udi Kwenda Kupimwa

Somo yangu, yule aliyenifunda nilipoolewa, alikuwa hajafika hamsini, lakini kwa amri zake ungedhani ndiye aliyemfunda Hawa. Dada yake mkubwa alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, iliyogunduliwa ikiwa imeshaenea. Somo mwenyewe alikuwa hajawahi kupimwa. Nami nilikwisha kusoma habari za ugonjwa huo kwenye masomo ya jioni, nikajiona nusu daktari. Nikamkalia kooni mpaka akakubali twende hospitali ya Msambweni.

"Lakini huendi kufunuliwa mbele ya watu ukinuka jasho, mwanangu."

Basi siku hiyo nyumbani kwake Waa tukajisugua liwa la kunukia, tukakalia chetezo cha udi mpaka nadhani Shimoni walidhani kuna harusi. Kisha akanipa maji ya ndimu na marashi nijisafishe hadi ndani. Nikajisafisha! Na biolojia yangu yote!

Muuguzi alianza na mimi. Akachungulia, akainuka.

"Dada, umejiosha na nini huku?"

Nikamwambia. Akamgeukia somo. "Na wewe, mama?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Shikamoo, mama. Ndimu imeunguza, pote pekundu, siwezi kusoma kitu. Rudini wiki ijayo. Maji matupu, tena nje tu."

Somo akajifunga buibui kama anayekwenda vitani. "Mimi, nirudishwe kwa usafi? Hapa sikanyagi tena."

Wiki nzima nilibembeleza, jiwe lingelia. Yeye ng'o. Siku ilipofika nikamwambia, "Basi na mimi siendi. Mwari haendi popote bila somo yake. Si ndivyo ulivyonifunza?"

Akanitazama sana. "Shetani wee! Unanifunga kwa ada yangu mwenyewe." Akachukua buibui.

Safari hii muuguzi alitupaka siki iliyozimuliwa, jamaa ya hii ya kachumbari. Mimi nikawa safi. Kwa somo pakatokea doa jeupe. Nami nilishasoma kwamba siki hugeuza peupe penye kasoro. Yeye ndiye aliyenishika mkono, na ndiye aliyelala kitandani.

"Doa hili si saratani, mama," muuguzi akasema. "Likiachwa miaka mingi, huenda likageuka. Ukikubali, tunalichoma leo hii."

"Lichome."

Hata chai isingechemka, kazi ikawa imekwisha. Somo akaketi, akatengeneza mtandio.

"Dada yangu naye angefanyiwa hivi?"

"Angekuja mapema, ndiyo, mama."

Akashuka kitandani. Kisha akauliza kama ile chanjo ya wasichana ya kukinga saratani hii inapatikana, maana mjukuu wake ametimiza miaka kumi. Akaambiwa ipo. Akatoa simu, akampigia binti yake kwa sauti ya kusikika Tanga:

"Mlete mtoto hospitali. La, si mgonjwa. Ndiyo maana nataka aje!"