Bolti ya Nne

Kwa miaka kumi na mitatu Musembi hakukubali kugusa bolti iliyoshikwa na kutu. Pale soko la Tulia, alipokuwa na banda la mabati na meza moja ya mbao, watu walimjua kwa breki, klachi, pancha na taa zisizowaka. Lakini akiona bolti imeliwa na kutu hadi imekuwa kitu kimoja na chuma kilichoishika, alifuta mikono na kusema, "Hii peleka Kitui mjini. Huko wana vifaa." Watu walimsifu kuwa ni fundi asiye na majivuno.

Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Mwaka wa 1971 alikuwa ameandikwa kazi katika gereji moja ndogo Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Wiki yake ya tatu akapewa injini ya lori aifungue. Akaivuta bolti moja kwa nguvu zake zote, na kichwa kikakatika, kipande kilichobaki kikakwama ndani. Lori likalala pale karibu mwezi mzima. Mwenye gereji alimtukana mbele ya madereva na wauza machungwa, kisha akamwambia achukue koti lake aende. Kilichobaki masikioni mwa Musembi hakikuwa matusi. Ilikuwa ile sauti ya chuma kukatika, tak, ndogo kama ya kijiti kikavu.

Sasa ilikuwa Novemba 1984, siku ya Alhamisi. Saa tatu asubuhi pikapu ilisukumwa na watu hadi mbele ya banda lake, mvuke ukitoka kila upande wa boneti. Mwenye gari alikuwa Abdulkadir, mfanyabiashara wa Mwingi, mtu mnene mwenye kofia nyeupe. Nyuma, juu ya magunia sita, alikaa mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso mbili.

"Pampu ya maji imekufa, fundi," Abdulkadir alisema. "Nilijua inavuja. Hata nyingine nimenunua Kitui, hii hapa. Nilitaka kufika nayo Mwingi kwanza."

Musembi aliangalia. Pampu ilishikwa na bolti nne. Tatu zilitoka bila shida. Ya nne, ile ya chini iliyokuwa ikidondokewa na maji yanayovuja, ilikuwa imevimba kutu ya kahawia. Aliijaribu kidogo tu na spana, akahisi ilivyokaa, akaondoa mkono.

"Hii ni ya kupeleka Kitui," alisema. "Wana vifaa."

"Ivutwe na nini, fundi? Na basi la Mwingi limeshapita."

Yule mama alishuka kwenye magunia. Aliitwa Mbula, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Nuu, mbele ya Mwingi. Hakupandisha sauti.

"Musembi, hizi ni mbegu," alisema. "Mahindi, kunde na ndengu. Zetu tulipika zote wakati wa njaa, mpaka zile za kwenye kibuyu. Juzi usiku mvua ilinyesha Nuu. Udongo uko na maji leo, kesho na pengine kesho kutwa. Jua likishaupiga, tutapanda kwenye vumbi. Kuna akina mama arobaini wananingoja na majembe."

Musembi aliinama tena juu ya injini ili asionekane uso. Kichwa cha bolti kikikatika leo, pampu mpya isingeingia, na gari lingekaa hapo hadi udongo wa Nuu ukauke. Akikataa, lingekaa hapo vilevile. Alilizungusha jambo hilo kichwani mara mbili, akaona halina mlango mwingine.

"Mwaitu," alimwambia, kama amwitavyo mama yake mzazi, "nipe muda. Na mtu yeyote asiniharakishe."

Alianza kwa kuondoa betri. Akachukua brashi ya waya, akaisugua bolti hadi chuma cheusi kikaonekana. Akachanganya dizeli na mafuta ya taa, akadondosha tone baada ya tone kuizunguka. Kisha akawaacha wakanywe chai. Yeye akabaki, akiigonga bolti kichwani kwa nyundo ndogo, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Aligonga kwa nusu saa, akaongeza mafuta, akagonga tena.

Saa tano aliingiza spana inayokizunguka kichwa chote, ili isiteleze. Akavuta. Hakuna kitu. Akahisi chuma kikianza kupinda kidogo, ule ulegevu mbaya alioukumbuka kutoka Salama, akaachia mara moja. Jasho lilimtoka mgongoni.

"Bado?" Abdulkadir aliuliza, akiwa amerudi kutoka kwenye chai.

"Bado. Nenda uniombee jiko kule hotelini. Liwe na makaa mekundu."

Aliifuta dizeli yote kwa kitambaa, akakausha kila mahali. Akapasha chuma kirefu kwenye makaa hadi ncha ikawa nyekundu, akaiweka juu ya kichwa cha bolti na kuishikilia hapo. Alirudia mara nne. Bolti ilipopata moto kisawasawa, akaigusa kwa kipande cha mshumaa. Nta ikayeyuka na kunywewa ndani ya uzi wa bolti, ile mifereji midogo inayoizunguka, kule mafuta yalikoshindwa kufika.

Mbula alikuwa amesimama karibu, macho ameyafumba. Akaanza kuomba kwa Kikamba, kwa sauti ya kanisani.

"Mama, omba polepole," Musembi alisema. "Nataka kuisikia bolti."

Mbula akaendelea kwa midomo tu.

Safari hii Musembi hakuvuta kwa kufungua. Alisukuma kwa kukaza, unywele mmoja tu. Halafu akageuza, akavuta kwa uzito wa mwili, bila kushtua. Injini ikatoa sauti.

Lakini haikuwa tak. Ilikuwa kwiii, ndefu, kama bawaba ya mlango wa zamani. Spana ilikuwa imesogea upana wa kidole.

Hakushangilia. Akairudisha bolti ilikotoka, akaongeza mafuta, akaileta tena, mbele na nyuma, kila mara ikikubali zaidi kidogo. Ilipofika mizunguko mitatu aliweka spana chini, akaimalizia kwa vidole. Ikatoka nzima, kutoka kichwa hadi mkia, ikiwa nyeusi na ya moto. Akaiweka kiganjani akaitazama. Akakaa chini kwenye mchanga kando ya gurudumu.

"Fundi, umeumia?" Abdulkadir alikimbia.

"Hapana," Musembi alisema, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Sijaumia. Imetoka. Nzima."

Mbula naye akacheka bila kujua anachekea nini, akapiga vigelegele vilivyowatoa watu madukani.

Saa nane pampu mpya ilikuwa imekaa, maji yamejazwa, injini inanguruma bila kuvuja hata tone. Mbula alipanda tena juu ya magunia yake. Gari lilipoanza kuondoka alipaza sauti, "Jumamosi tutakuwa tumemaliza kupanda!" Musembi akabaki amesimama hadi vumbi lake likatulia.

Siku hiyo alifunga banda mapema. Mke wake, Kaluki, alimkuta ameketi mlangoni jua likiwa bado juu, mikono imejaa masizi hadi viwikoni.

"Kumetokea nini? Uko sawa?"

"Nimefungua bolti," alisema.

Kaluki akaitazama ile mikono. Basi akaenda kumletea maji ya kunawa na sahani ya isyo, mahindi yaliyopikwa na maharagwe, na Musembi akala yote, akaomba nyingine.