Karatasi Mbili

Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa nachimba dhahabu Lusangi, kila Jumapili tulikwenda kwenye nyumba ya video kuangalia mchezo wa Wazungu waliopelekwa kisiwani. Walilala na njaa, wakaapiana undugu, halafu kila wiki walipiga kura kwa karatasi na kumtoa mmoja wao. Sisi tuliolala chini ya shitingi, turubai la plastiki, kwa kukosa pengine tulicheka hadi machozi: mtu anaacha nyumba yake kwenda kutafuta njaa! Lakini hakuna aliyekosa hata wiki moja.

Mwenzangu, niliyetoka naye kwetu Wamaza kwa miguu, hakujua kusoma. Karatasi ilipofunuliwa kwenye televisheni nilimsomea jina sikioni, naye akanipiga kofi gotini kwa furaha au kwa hasira.

"Huyu alimugeuka ndugu yake," alisema siku moja. "Mimi, afazali nirudie kulima."

Shimoni tulikuwa watano: yeye na mimi, mzee mmoja wa Kasongo, na ndugu wawili wa tumbo moja waliotoka Kivu. Tulikuwa tumechimba miezi minne na mchanga wenye dhahabu ulikuwa karibu. Ndipo PDG, ndivyo tunavyomwita mwenye shimo, akaja kusema maji yamezidi unga. Atalisha wanne tu. Wa tano tumtoe wenyewe. Na desturi ya shimo tuliijua: anayetoka kabla mchanga haujaonekana hana fungu.

Hakuna aliyeuliza tutafanyaje. Tulichana daftari.

Mwenzangu, mzee na mimi tulikubaliana kumtoa yule ndugu mdogo. Kura tatu kwa mbili, kwisha maneno. Lakini nilipokwenda mtoni kuoga, ndugu mkubwa alinifuata.

"Muzee alishakuja upande yetu," akasema. "Sasa ni wewe ao mwenzako atatoka."

Sikwenda kumuuliza mzee. Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwetu, anamenya mihogo. Niliogopa, basi.

Mwenzangu alinipa karatasi yake. "Niandikie yule mudogo," akasema, akageuka kutafuta kiberiti.

Nikaandika jina lake yeye mwenyewe. Kisha nikaliandika tena kwenye karatasi yangu. Nakumbuka nilikuwa nawaza kama sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, imeiva.

PDG alisoma kwa sauti. Jina la mwenzangu lilitoka mara nne, la ndugu mdogo mara moja. Nikamtazama mzee, naye alikuwa ananitazama mimi. Ile kura moja ilikuwa yake. Hakuwa amegeuka. Ningeshika neno langu, mwenzangu angebaki.

Mwenzangu alikunja blanketi lake polepole. "Ile moja," akaniuliza, "iko yangu?"

"Iko yako," nikasema. Mzee alisikia. Aliokota kisu chake akarudia mihogo.

Nilimbebea blanketi hadi inapoanzia njia ya Wamaza. Nilingoja aibu inishike, haikuja; nilikuwa mkavu tu, na hata siku mchanga ulipoonekana sikusikia furaha. Alinipokonya blanketi bila kunitazama.

"Ulinigeuka," akasema. "Lakini aksanti kwa ile karatasi yangu. Uliiandika vile nilikuambia."