Seli Iliyokataa Kulia

Wiki ya kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni, seli yangu ya ubongo iligoma. Si ya kichwani, ingawa hizo nazo zilikuwa hoi. Ni ile niliyoiunda ndani ya kompyuta.

Programu ya kuiga seli za ubongo niliyoitumia inakubali Python, lugha ileile ninayoitumia kazini, kwenye pampu za kutoa maji katika shimo la shaba upande wa Mashamba. Nilifurahi kupita kiasi! Nikachukua msimbo wangu wa kuchora grafu za pampu, nikaupachika kwenye seli.

Seli ikichokozwa, umeme wake hupaswa kuruka juu ghafla, kisha kushuka. Yangu ilichora mstari mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo. Bila mruko, diploma ningeisikia kwa wenzangu.

Mama, ambaye ni mkunga, alichungulia. "Huyu mutoto hayalia bado," alisema, akarudi jikoni kwenye sombe yake, mboga ya majani ya muhogo.

Nilinuna. Mimi hasira zangu ziko karibu. Hata kuku wa jirani walinikwepa. Nilibadilisha kila kitu ndani ya seli, na mstari ukabaki vilevile.

Alasiri moja umeme ulirudi baada ya kukatika, na kama kawaida ya Kolwezi, ukarudi kwa kuruka. Mama alikimbilia ukutani kuchomoa waya wa friji. "Courant inaruka! Tosha frigo!"

Nikaganda. Msimbo wangu wa pampu nao nilikuwa nimeufundisha hivyo hivyo: umeme ukiruka ghafla, ni hitilafu, ufute kwenye grafu. Kumbe seli ilikuwa ikiruka siku zote, nami nikiifuta! Nilicheka mpaka machozi, nikaiondoa amri ile. Nilipomweleza mama, alipiga makofi.

"Mutoto analia, weye unamufunga kinywa!"

Siku ya utetezi alikaa nyuma, kitenge kipya, kopo la poda mkononi tayari kunimwagia kichwani, kama wanavyofanyiwa wahitimu kwetu. Nikawasha. Mstari ukapanda, ukashuka. Mama akapiga vigelegele. Ukapanda tena, vigelegele tena. Maprofesa wakageuka.

"Mama," mwenyekiti wa jopo alisema kwa upole, "ngoja kwanza tutoe matokeo."

"Tata, unisamehe," mama alijibu. "Mi siko nashangilia diplome. Mutoto akilia, tunamujibu."